USAspending.gov: Mpokeaji wa Kwanza Anaonekana, wa Pili Anafifia

Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninaposikia mtu akidai kwamba kodi yetu inalipia jambo fulani, iwe ni utoaji mimba, mpango wa kuwapokonya raia bunduki zao au ukarimu wa mwanasiasa kwa rafiki yake, nimejizoeza kufungua USAspending.gov kabla ya kukubali au kukanusha. Hii ni huduma ya serikali kuu ya Marekani inayoendeshwa na Wizara ya Fedha. Haina ada, haimtaki mtu ajisajili wala ataje jina lake, na kazi yake ni kuonyesha fedha za umma zimekwenda kwa nani, kiasi gani, lini, na kupitia idara ipi. Naandika mapitio haya nikiwa mhafidhina. Naamini kwamba mtoto aliye tumboni ni binadamu anayestahili ulinzi wa sheria, kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu mmoja mmoja kumiliki silaha, na kwamba serikali isiyokaguliwa huzaa wezi hata ikiwa inaongozwa na watu niliowapigia kura. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninatazama kutoka upande gani. Asiyekubaliana nami kwa lolote kati ya hayo atakuta mbele yake takwimu zilezile ninazozikuta mimi.

Asili ya huduma hii inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna maelezo ya uzuri wake na pia ya udhaifu wake. Mwaka 2005, Randy Cunningham, mbunge wa California kwa tiketi ya Republican na rubani wa kivita aliyepata sifa kubwa Vietnam, alikiri kupokea hongo ya dola milioni 2.4 kutoka kwa wakandarasi wa ulinzi. Waendesha mashtaka waliiwekea mahakama karatasi yenye nembo ya Bunge ambayo, kwa maelezo yao, aliiandika yeye mwenyewe kama orodha ya bei. Safu moja ilikuwa na thamani ya mkataba wa serikali kwa mamilioni, na safu ya pili ilikuwa na hongo kwa maelfu. Mstari wa kwanza ulikuwa na 16 upande mmoja na 140 upande wa pili, maana yake ni mkataba wa dola milioni 16 kwa boti ya dola 140,000, na baada ya hapo kila milioni moja ya nyongeza ilikuwa na bei yake. Machi 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka minane na miezi minne. Huyo alikuwa mtu wa upande wetu, na mhafidhina anayezungumzia ufisadi bila kuanza nyumbani kwake hana haki ya kusikilizwa.

Katika msimu huohuo, seneta mmoja wa Oklahoma aitwaye Tom Coburn alikuwa amechoka. Coburn alikuwa daktari wa uzazi aliyezalisha watoto kwa maelfu kabla na hata baada ya kuingia kwenye siasa, mpinzani wa utoaji mimba asiyeyumba, na mtetezi wa haki ya kumiliki silaha ambaye mwaka 2009 alipachika kwenye sheria ya kadi za mkopo kifungu cha kuruhusu wageni wa hifadhi za taifa kubeba bunduki kwa kufuata sheria za jimbo husika. Oktoba 2005 alisimama ndani ya Seneti na kuomba fedha zilizotengwa kwa daraja la kuelekea kisiwa cha Gravina huko Alaska, chenye wakazi wachache mno, zihamishiwe kwenye ukarabati wa daraja la Louisiana lililobomolewa na kimbunga Katrina. Alishindwa kwa kura 82 dhidi ya 15, na wengi wa waliomkatalia walikuwa wa chama chake mwenyewe.

Mwaka uliofuata alibadili mbinu. Alishirikiana na Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, ambaye hawakuelewana karibu katika kila jambo la kisera, wakaandika pamoja mswada wa kurasa chache unaoitaka serikali iweke hadharani kila ruzuku na kila mkataba mahali pamoja, bure, kwa namna ambayo raia anaweza kutafuta. Ulizuiwa kwa siri, kwa kutumia desturi ya Seneti inayomruhusu seneta mmoja kuusimamisha mswada bila kujitaja, mpaka wananchi walipowapigia simu maseneta mmoja baada ya mwingine na kumuuliza kila mmoja kama ni yeye. Hatimaye ofisi ya Ted Stevens wa Alaska, mtetezi mkuu wa lile daraja, ilikiri. Rais George W. Bush alitia saini tarehe 26 Septemba 2006, na huduma ikafunguliwa Desemba 2007. Ilianza kwa kutumia programu iliyokwisha kutengenezwa na kikundi cha wafuatiliaji wa bajeti wa mrengo wa kushoto, jambo ninalolitaja kwa shukrani, kwa kuwa katika suala hili walikuwa sahihi kabla yetu.

Sasa niingie kwenye matumizi. Ukurasa wa utafutaji una kisanduku cha maneno na, kando yake, orodha ndefu ya vichujio: mwaka wa fedha, idara iliyotoa, jina la mpokeaji, mahali kazi inapofanyika, aina ya malipo na namba ya mpango. Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza tarehe 1 Oktoba, na asiyelijua hilo hujikuta akilinganisha miezi isiyolingana. Kichujio chenye manufaa kuliko vyote ni namba ya mpango wa msaada, kwa sababu jina la mpango huandikwa kwa namna nyingi lakini namba haibadiliki. Mpango wa uzazi wa mpango unaojulikana kama Title X, ulioanzishwa mwaka 1970 wakati wa Richard Nixon, ni 93.217. Ukiiingiza namba hiyo na kuchagua mwaka, inashuka orodha ya ruzuku, kila moja na mpokeaji wake, kiasi chake na tarehe zake. Ukibofya mstari mmoja unafunguka ukurasa wenye namba ya ruzuku, anwani ya mpokeaji, fedha zilizoahidiwa, fedha zilizokwisha kutoka, na chini kabisa historia ya kila nyongeza na kila punguzo. Hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko katika hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu kodi na utoaji mimba.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinilazimu kurekebisha kauli yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisema kwamba serikali kuu inalipia utoaji mimba kupitia mpango huu. Sheria yenyewe, katika kifungu cha 1008, inakataza fedha za Title X kutumika katika mipango ambayo utoaji mimba ni njia ya uzazi wa mpango, na marufuku hiyo ipo tangu siku ya kwanza. Juu yake kuna Marekebisho ya Hyde, yaliyoitwa hivyo kwa jina la Henry Hyde, mbunge wa Illinois. Tangu mwaka 1976 yameambatanishwa kila mwaka kwenye sheria ya bajeti ili fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, zisilipie utoaji mimba, na kwa maneno ya sasa yanaacha nafasi kwa mimba ya kubakwa, ya maharimu, au inayohatarisha maisha ya mama. Mahakama ya Juu iliyahalalisha mwaka 1980 katika shauri la Harris v. McRae, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Kwa hiyo anayesema kwamba kila ruzuku ya 93.217 ni malipo ya utoaji mimba anasema lisilo kweli, na sisi tunaoamini kwamba maisha ni matakatifu tunadaiwa ukweli kuliko watu wengine wote.

Hata hivyo, hoja yetu haikuishia hapo, na huduma hii ilinisaidia kuiona ilipo. Fedha hazina alama. Shirika linalofanya utoaji mimba katika chumba kimoja na kutoa vidonge vya uzazi wa mpango katika chumba cha pili, likilipiwa kodi ya jengo, mishahara na umeme wa chumba cha pili, limepunguziwa mzigo wa chumba cha kwanza. Ndiyo maana kanuni za Title X zimegeuzwa mara nyingi: utawala wa Reagan ulizikaza mwaka 1988, Mahakama ya Juu ikazikubali mwaka 1991 katika Rust v. Sullivan, Clinton akazisimamisha mwaka 1993, utawala wa Trump ukadai utenganisho wa majengo na vitabu vya hesabu mwaka 2019, na utawala wa Biden ukaufuta mwaka 2021. Mwaka 2019 Planned Parenthood, shirika kubwa lenye kliniki za uzazi wa mpango na utoaji mimba, iliamua kujitoa katika mpango huu kuliko kukubali masharti hayo. Ukifungua orodha ya 93.217 mwaka kwa mwaka, unayaona mabadiliko hayo kwa macho, majina yakitoka na majina mengine yakiingia. Sijui njia nyingine ambayo raia wa kawaida, asiye na wakili wala mtafiti, angeweza kuliona jambo hilo akiwa mezani kwake.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya ugomvi haiko kwenye Title X. Iko kwenye Medicaid, na hapo huduma inafika ukingoni. Medicaid ni 93.778, na kwenye skrini inaonekana kama malipo makubwa mno ya serikali kuu kwa kila jimbo, mabilioni ya dola katika mstari mmoja, mpokeaji akiwa ni idara ya afya ya jimbo. Kliniki iliyolipwa haionekani, na wala haionekani huduma iliyolipiwa. Mbunge anayetaka kujua Planned Parenthood imepokea kiasi gani kupitia Medicaid hulazimika kuiomba Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, imkusanyie hesabu kutoka vyanzo vingi, na ofisi hiyo imefanya hivyo zaidi ya mara moja. Majimbo kama California, New York na Illinois yanalipia utoaji mimba kwa wanachama wa Medicaid kwa kutumia fedha za jimbo, na Illinois ilipitisha sheria yake mwaka 2017 kwa saini ya gavana wa Republican. Fedha hizo ni za jimbo na hazimo humu kabisa. Wakati Bunge lilipopitisha sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, yenye kifungu cha kuzizuia fedha za Medicaid kwa mwaka mmoja zisiende kwa watoa huduma wakubwa wa utoaji mimba, watu wengi waliniuliza kama athari yake inaonekana kwenye huduma hii. Haiwezi kuonekana. Mstari wa jimbo unabaki mstari wa jimbo.

Kwenye silaha mambo ni tofauti, na kwa maoni yangu hapa huduma inafanya kazi yake vizuri zaidi. Mwaka 1996 Jay Dickey, mbunge wa Arkansas, aliweka kifungu kinachokataza fedha za kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kutumika kutetea au kuhimiza udhibiti wa bunduki. Kwa zaidi ya miaka ishirini fedha za utafiti wa aina hiyo zilikuwa chache sana, mpaka bajeti ya mwaka wa fedha 2020 ilipotenga dola milioni 25, nusu kwa CDC na nusu kwa taasisi za taifa za afya. Wahafidhina wengi tulihofia kwamba kampeni ya kisiasa ingerudi kwa jina la sayansi. Nilichofanya ni kutafuta neno la bunduki katika ruzuku za idara hizo na kusoma maelezo ya ruzuku moja baada ya nyingine. Nilikuta miradi ambayo sikuipenda, inayoonekana kuanza na jibu kabla ya swali. Nilikuta pia miradi inayohusu uhifadhi salama wa silaha nyumbani na kuzuia watu kujiua, na kwa kuwa zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, sioni kwa nini mmiliki mwaminifu wa bunduki akasirike mtu akichunguza namna ya kumsaidia jirani yake asifikie hapo. Hasira yangu ilipungua ukubwa ikaongezeka usahihi: sasa najua ni miradi ipi ninayoipinga, na ninapomwandikia mbunge wangu namtajia namba ya ruzuku.

Jambo linalonisumbua zaidi ni fedha za sheria ya Juni 2022, iliyopitishwa mwezi mmoja baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, walipouawa wanafunzi 19 na walimu wawili. Maseneta 15 wa Republican waliiunga mkono. Ndani yake kuna dola milioni 750 kwa miaka mitano za kuyasaidia majimbo kuendesha mipango ya kukabili hali za hatari, ikiwemo amri za mahakama za kumwondolea mtu silaha zake kabla hajashtakiwa kwa kosa lolote, zile ambazo watu huziita sheria za bendera nyekundu. Simkejeli anayeziunga mkono, kwani huzuni ya Uvalde ni yetu sote. Lakini kumpokonya mtu mali inayolindwa na Katiba kwa ushahidi wa upande mmoja, kisha ndipo aitwe kujitetea, ni jambo ambalo angalau linapaswa kulipiwa hadharani. Majimbo yanaweza kuzitumia fedha hizo pia kwa mahakama za dawa za kulevya, za wagonjwa wa akili na za maveterani, kwa hiyo swali la muhimu ni jimbo gani limezipeleka wapi. Huduma inaonyesha jimbo, kiasi na tarehe. Baada ya hapo inategemea jimbo lenyewe liripoti.

Upande wa mikataba pia una faida kwa mmiliki wa bunduki. Sheria ya mwaka 1986 inakataza serikali kuu kuanzisha daftari la wamiliki wa silaha, ilhali ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia sheria za silaha, inahifadhi katika kituo chake cha Martinsburg, West Virginia, kumbukumbu zaidi ya milioni 900 za maduka ya silaha yaliyofungwa, nyingi zikiwa zimepigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta. ATF inasema picha hizo haziwezi kutafutwa kwa jina la mnunuzi. Mimi siridhiki na kauli ya idara peke yake, na ninapenda kwamba mikataba inayotangazwa ya ATF ya vifaa na huduma za kompyuta ninaweza kuisoma mwenyewe, pamoja na jina la kampuni na thamani ya kazi. Maelezo ya mkataba mara nyingi ni maneno matano au sita ya kifupi, lakini jina na kiasi vinatosha kumpa mbunge makini mahali pa kuanzia maswali.

Nimesifu vya kutosha. Sasa niseme kinachouma. Mwaka 2014 GAO ililinganisha kumbukumbu za huduma hii na vitabu vya idara, ikakadiria kwamba ni asilimia 2 hadi 7 tu ya ruzuku na mikataba iliyokuwa na taarifa zinazolingana kikamilifu. Iligundua pia kwamba misaada yenye thamani ya takriban dola bilioni 619 ya mwaka wa fedha 2012 haikuwa imeripotiwa ipasavyo. Hiyo ilikuwa miaka saba baada ya uzinduzi. Sheria nyingine iliyotiwa saini Mei 2014 ililazimisha idara zote zitumie vipimo vya aina moja na ziunganishe hesabu za Wizara ya Fedha na kila ruzuku, na ukaguzi wa baadaye ulikuta hali imeboreka sana. Bado Wizara ya Ulinzi huchapisha mikataba yake baada ya siku 90 kwa sababu za usalama, na matumizi ya siri ya kijasusi hayamo. Hayo nayaelewa. Nisiyoyaelewa ni mawili.

La kwanza ni tofauti ya fedha zilizoahidiwa na fedha zilizotoka. Kila siku naona wahafidhina wenzangu wakinakili kiasi kikubwa kilichoandikwa juu ya ukurasa na kupiga kelele kwamba kimeshaliwa, wakati ni ahadi ya miaka mitano ambayo nusu yake haijatoka. Huduma inaonyesha takwimu zote mbili, ila ile kubwa ndiyo iliyokaa mahali pa heshima. Kuna mambo ya aibu ya kutosha katika matumizi ya serikali, hatuna haja ya kuongeza kwa kusoma vibaya.

La pili ndilo lenye uzito. Kanuni zinamtaka mpokeaji wa kwanza wa ruzuku aripoti kila anapompa mpokeaji wa pili dola 30,000 au zaidi, lakini anayeripoti ni yeye mwenyewe, na asiporipoti hakuna kengele inayolia. Kwenye ufisadi, mkono wa pili ndio mahali penyewe. Chukua kesi ya Feeding Our Future huko Minnesota. Fedha za chakula cha watoto zilitoka Wizara ya Kilimo, zikapitia idara ya elimu ya jimbo, zikafika kwa shirika lisilo la faida, kisha zikasambazwa kwenye vituo ambavyo vingi vilidai kulisha maelfu ya watoto wasiokuwepo. Mashtaka yalifunguliwa Septemba 2022, waendesha mashtaka wakasema takriban dola milioni 250 zimeibwa, na kiongozi wa shirika hilo akapatikana na hatia Machi 2025. Raia aliyetazama malipo ya serikali kuu wakati wizi ukiendelea angeona tu kwamba jimbo la Minnesota limepokea fedha za chakula cha watoto, jambo ambalo hakuna mtu mwenye moyo angelitilia shaka. Watoto wenye njaa ndio waliotumiwa kama pazia.

Mwizi wa aina nyingine haonekani humu hata kidogo. Bob Menendez, aliyekuwa seneta wa New Jersey kwa chama cha Democratic, alihukumiwa Januari 2025 kifungo cha miaka 11 baada ya vipande vya dhahabu na mamia ya maelfu ya dola taslimu kukutwa nyumbani kwake. Hongo ile haikutoka kwenye hazina ya serikali, kwa hiyo haina mstari kwenye orodha. Wala huduma hii haikuambii ni malipo gani yalikuwa na makosa. Hayo yako kwenye huduma nyingine ya serikali, PaymentAccuracy.gov. GAO iliripoti kwamba idara zilikadiria dola bilioni 162 za malipo yasiyo sahihi katika mwaka wa fedha 2024, zikiwemo zilizolipwa kupita kiasi na zile ambazo hati zake hazikukamilika. Laiti hizo huduma mbili zingeunganishwa, ili mtu anayetazama mpango fulani aone hapohapo kiwango chake cha makosa.

Nimesikia pia malalamiko ya wenzetu kwamba mambo haya yote ni ya wanasheria na wahasibu. Si kweli. Mtu anayeweza kutafuta safari ya ndege kwenye simu anaweza kutafuta ruzuku humu. Anayetaka misaada iliyokwenda nje, kwa mfano Kenya au Tanzania, anachagua nchi kwenye kichujio cha mahali na kuyaona mashirika yaliyoipokea, jambo lenye faida kwa anayefuatilia sera ya mwaka 1984 ya kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayohimiza utoaji mimba, ambayo marais wa Republican huirudisha na wa Democratic huiondoa. Anayependa hesabu anaweza kupakua data yote kwa jedwali. Ushauri wangu mmoja ni huu: andika namba ya ruzuku, usitegemee jina, kwa sababu shirika moja laweza kuwa na majina matatu, na tangu Aprili 2022 hata utambulisho wa wapokeaji umebadilishwa kutoka namba za zamani za DUNS kwenda mfumo mpya wa serikali.

Mwaka jana nilifuatilia ruzuku moja ya mipango ya hali za hatari iliyokwenda kwenye jimbo ninaloishi. Nilitaka kujua ni kaunti zipi zilizopata mgawo, na kama fedha hizo zilikwenda kwenye mahakama za maveterani, ambazo naziunga mkono, au kwenye amri za kuwaondolea watu silaha. Niliandika kwa ofisi ya jimbo inayosimamia. Nilihamishwa kwa simu mara tatu, mtumishi wa mwisho akanijibu kwa upole kwamba ripoti itakuwa tayari robo ya mwaka ijayo, na baada ya wiki kumi na moja nikapokea kurasa mbili zisizotaja kaunti hata moja. Niliandika tena nikiambatanisha namba ya ruzuku na kipengele cha sheria kinachodai wapokeaji wa pili watajwe. Mbunge wangu wa jimbo, ambaye ni wa chama changu, amepewa nakala na bado hajanijibu. Huwa naufungua ukurasa wa ruzuku ile kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Kiasi kipo, tarehe ipo, jina la jimbo lipo, na jedwali la wapokeaji wa pili bado ni tupu.